Shikamoo Isiyojibiwa: Namna ya Kupima Milango ya Fahamu ya Mzee Nyumbani

Kisiwani Mafia, mtoto anayepita barazani bila kumwamkia mkubwa husemwa hadi kwao. Mzee asiyeitika shikamoo naye husemwa, ila kwa sauti ya chini: ana maringo, ana kinyongo, au siku hizi akili imeanza kumwacha. Mara nyingi hana hata moja kati ya hayo. Hakusikia tu. Mtoto alipita upande wa sikio lililochoka, kusi inavuma, mnazi unapiga kelele juu ya bati, na ile "marahaba" haikuja.

Aliyekuwa na shida ya sikio huishia kuitwa mwenye shida ya akili, na tiba anayohitaji humpita. Ndiyo maana kila nyumba yenye mtu wa miaka 60 na zaidi ingefaa iwe na kawaida ya kumpima milango yake ya fahamu: masikio, macho, pua, ulimi na ngozi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mnong'ono, uzi na sindano, kipande cha limau, ncha ya kidole na daftari la kuandikia.

Uhusiano wa milango hii na ubongo si porojo za mitandaoni. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, lilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayomfuta mtu kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha. Kwa hesabu ya jopo hilo, mambo hayo yote yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Usikivu uliopungua umo kileleni mwa orodha kwa asilimia 7, sambamba na lehemu mbaya kwenye damu. Uoni hafifu usiotibiwa, ulioongezwa mwaka huo, una asilimia 2. Presha, kisukari, sigara na upweke vimo pia.

Wala maradhi haya si ya Wazungu peke yao. Watafiti waliopita vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, walichapisha mwaka 2013 kwamba demensia ilikuwa kwa asilimia 6.4 yao. Huko Hai pia kilitumika kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengi hawakukaa darasani. Badala ya kuandika au kuchora, mzee hupewa njiti za kiberiti azipange kama mfano aliowekewa. Ni kipimo kizuri, lakini nacho kina mtego wake. Asiyemsikia muulizaji atajibu ovyo, na asiyeziona njiti atazipanga ovyo, hata kama ubongo wake ni mzima. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba babu anasahau, hakikisha kwanza anasikia na anaona.

Sasa, nani apime? Hapa mila za Pwani zinasaidia. Mkwe hawezi kumnong'oneza mkwewe sikioni. Itakuwa aibu kwa wote wawili. Mjukuu anaweza, kwa sababu babu na mjukuu wana utani wao, na kipimo kikifanywa kama mchezo mzee hatajiona anachunguzwa. Mpe kazi hiyo mjukuu aliyetulia, naye mtu mzima akae pembeni na daftari.

Anzeni na sikio, kwa kuwa ndilo lenye mengi.

Sikio la uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba. Irabu hubaki zikisikika vizuri, lakini herufi kama s, f, t na sh huanza kuyeyuka. Ndiyo maana mzee husema, "Nakusikia mwanangu, ila sikuelewi," na nyumba nzima ikacheka. Anasema kweli tupu. Anasikia kwamba mtu anazungumza, ila maneno yanamfikia yakiwa na mapengo. Dalili nyingine utaziona bila kupima: redio inaongezwa sauti kila msimu, simu inahamishwa kutoka sikio moja kwenda jingine, mzee anaangalia midomo yako badala ya macho, na shughulini anachagua kukaa pembeni peke yake wakati zamani alikuwa katikati ya mazungumzo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Subiri muda ambao jenereta ya jirani imezimwa na watoto wako chuoni. Mkalishe mzee kwenye kiti. Mjukuu asimame nyuma yake, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, ili midomo yake isionekane. Sikio lisilopimwa lizibwe kwa kubonyeza na kusugua polepole kile kijinyama kilicho mbele ya tundu. Kisha mjukuu atoe pumzi yote kifuani, maana mnong'ono wa mtu mwenye pumzi nyingi hugeuka sauti ya kawaida, na anong'one namba tatu: "sita, mbili, tisa." Mzee azirudie. Akikosea, anong'onezwe tatu nyingine. Akipata chini ya tatu kati ya zote sita, sikio hilo linahitaji mtaalamu. Hamieni la pili. Sita, saba na tisa zisikosekane kwenye mchezo huu, kwa kuwa zinabeba zile sauti nyembamba zinazotoroka mwanzo.

Mwenye simu janja anaweza kuongeza kipimo cha Shirika la Afya Duniani, programu ya bure iitwayo hearWHO iliyotolewa mwaka 2019, ambayo husomea namba katikati ya kelele na kumtaka msikilizaji azibonyeze. Inahitaji spika za masikioni na mtu anayeweza kutumia simu, kwa hiyo inawafaa zaidi wenye miaka 50 kuliko mama zao.

Mzee akishindwa mnong'ono, usikimbilie kudhani uzee. Nta iliyojaa na kushindiliwa ndani ni sababu ya kawaida mno, na huondolewa kituo cha afya. Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Mafuta ya nazi yenye vitunguu saumu, ambayo kila bibi ana namna yake ya kuyachemsha, yasitiwe sikioni kabla mhudumu wa afya hajaangalia, hasa kwa mtu aliyewahi kuzamia. Wazamiaji wa pweza na kamba koche, wa Jibondo na kwingineko, huenda chini bila vifaa, na maji yakibana, ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Kumtia mafuta mtu mwenye ngoma iliyotoboka ni kuyapeleka moja kwa moja sikio la kati.

Muulize pia kazi aliyoifanya ujanani. Miaka ya kukaa ubavuni mwa injini ya boti, miaka ya fundi kugonga kalafati kwenye majahazi ya Chole, na zile siku ambazo uvuvi wa baruti ulikuwa umetapakaa kabla Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia haijaanzishwa mwaka 1995, zote huacha alama. Dawa nazo: kwinini huweza kufanya masikio yavume kwa muda, na sindano za gentamaisini huweza kudhuru usikivu moja kwa moja. Andika majina ya dawa alizowahi kutumia, daktari atakushukuru.

Je, kifaa cha kusaidia kusikia kinaulinda ubongo kweli? Jibu la uaminifu ni kwamba kinamsaidia mtu kusikia, na huenda kikamsaidia zaidi ya hapo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 lilifuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa kundi zima, waliopewa vifaa hawakutofautiana na wenzao katika kasi ya kupungua kwa uwezo wa kufikiri. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kasi hiyo ilikuwa ndogo kwa asilimia 48. Muuzaji atakayekuambia kifaa chake kinazuia demensia kwa kila mtu anauza kitu ambacho hana. Anayekuambia hakina maana naye hajasoma.

Jicho lina ushahidi wake pia. Huko Seattle, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 3,038 wenye mtoto wa jicho, na wakaona waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hatari ya demensia pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko waliobaki nao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba upasuaji ndio uliolinda, ila upasuaji wenyewe kwa kawaida hauchukui hata nusu saa, na faida yake ya kwanza, kuona, haina ubishi.

Kwa kuona mbali, chora herufi E nene kwenye karatasi nyeupe, yenye urefu na upana wa milimita 13, mistari yake mitatu na nafasi kati yake vikiwa na unene sawa. Pima mita 3 kwa futi ya fundi. Mzee akae kwenye mwanga, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, na kila unapoigeuza karatasi aonyeshe kwa vidole mahali miguu ya herufi inapoelekea: juu, chini, kulia, kushoto. Kama ana miwani ya kuonea mbali, aivae. Hahitaji kujua kusoma. Akikosea kosea kwa jicho lolote, apelekwe kliniki ya macho.

Kuona karibu hakuhitaji karatasi. Mpe sindano na uzi. Tazama anavyochambua mchele: je, chuya zinapita? Aliyekuwa akisuka ukili hadi magharibi sasa anaacha alasiri. Mvuvi anamwita kijana amshonee tundu la wavu. Mwenye kusoma Msahafu anausogeza mbali hadi mkono unaisha. Baada ya miaka 40 jicho la karibu huchoka kwa kila mtu, na miwani ya kusomea humaliza tatizo kwa wengi. Inasikitisha kuona mtu mwenye ujuzi wa miaka hamsini akiacha kusuka kwa kukosa kitu kidogo kama hicho, kwa kuwa mikono inayoacha kazi huacha pia kuushughulisha ubongo.

Kinachotisha zaidi ni presha ya macho. Mara nyingi haiumi, hula uoni wa pembeni kimya kimya, na kilichopotea hakirudi. Mzee anayejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwenyewe, au asiyemwona mtu anayetokea ubavuni, apimwe mapema. Na akikutwa nayo, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake nao wapimwe, maana hutembea katika ukoo. Asali, maji ya majani na dawa ya matone iliyobaki ya jirani zisitiwe machoni. Baadhi ya matone yanayouzwa kiholela yana steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu zinaweza zenyewe kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Miguuni, fanyeni kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya wenye kisukari. Mzee alale mkekani, afumbe macho. Mguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole cha shahada, sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, cha kati, kisha cha mwisho, halafu mguu wa pili. Usibonyeze wala usitekenye. Kila anapohisi aseme "kulia" au "kushoto". Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, nyayo zake zimeanza ganzi.

Kwa nini mwongozo wa ubongo uhangaike na vidole vya miguu? Kwa sababu chanzo kikubwa cha ganzi hiyo ni kisukari, na sukari inayoharibu mishipa ya fahamu ya miguu huharibu pia mishipa midogo ya damu kichwani. Chanzo kingine ni upungufu wa vitamini B12, unaoweza kuleta ganzi na kusahau kwa pamoja, na ambao hutibika. Mtu aliyetumia metformini miaka mingi kwa ajili ya kisukari yumo hatarini kuupata, kwa hiyo aulizie. Na kwa akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza maji ya bamvua yanapotoka, mguu usiohisi juu ya miamba ni jeraha lisilojulikana hadi linuke. Viatu vya mpira vivaliwe.

Pua inahitaji maelezo kidogo na tahadhari nyingi. Ni kweli kwamba uwezo wa kunusa huweza kufifia miaka kadhaa kabla dalili za Alzheimer au Parkinson hazijaonekana. Lakini pua hufifia kwa mafua, kwa UVIKO-19, kwa sigara, kwa moshi wa kuni wa miaka mingi na kwa umri wenyewe. Kipimo maarufu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina harufu 40, pizza ikiwemo, na bibi wa Kirongwe akishindwa kuitambua pizza hilo halisemi chochote juu ya ubongo wake. Chagua harufu za nyumbani: limau lililokatwa sasa hivi, kahawa, karafuu, kitunguu saumu, nazi iliyokunwa. Macho yafumbwe, tundu moja la pua kwa wakati, na mpe majina matatu achague, kwa sababu hata kijana hushindwa kutaja harufu bila msaada. Akikosa zaidi ya nusu na hana mafua, andika, rudia baada ya mwezi, kisha mtajie daktari. Msianze kulia. La haraka ni usalama: asiyenusa asiachiwe peke yake jiko la gesi, wala kazi ya kuamua kama samaki wa jana bado anafaa.

Ulimi ni wa mpishi kuuangalia. Mzee anayelalamika kila siku kwamba mchuzi haujakolea, huku wengine wakiuona umezidi, huenda anapoteza ladha, na dawa fulani za presha kama kaptoprili zinaweza kuchangia. Hatari ni kijiko anachoongeza mwenyewe mezani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na anayekula ng'onda amekwisha kula sehemu nzuri ya kiasi hicho kabla hajagusa kikopo. Chumvi hupandisha presha. Presha huleta kiharusi. Kiharusi ni njia fupi ya kuelekea demensia. Kolezeni kwa ndimu, tangawizi na bizari.

Malizieni na mizani ya mwili, ambayo hutegemea sikio la ndani, macho na nyayo kwa pamoja. Mzee asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, ukuta mbele yake, mtu imara nyuma yake. Akishindwa, ngazi ya gati na ubao wa kupandia boti visimkute peke yake. Kichwa kilichogonga mbao ni moja ya yale mambo 14.

Majibu yote yaingie daftarini: tarehe, sikio la kulia na la kushoto, jicho kwa jicho, vidole vilivyokosa. Linganisha mzee na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita, si na shoga yake wa Utende. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, na kalenda ya kisiwa ina mahali pake: mwezi wa tisa, kusi inapoanza kulegea, na mwezi wa pili, kabla ya masika. Kitakachogunduliwa mwezi wa tisa kinaweza kushughulikiwa katika miezi ambayo bahari imetulia, badala ya kumvusha mtu wa miaka 78 hadi bara, Nyamisati, kwenye mawimbi ya Julai.

Yapo yasiyongoja daftari wala msimu: sikio lililoziba ghafla ndani ya siku moja mbili, jicho lililoingia giza ghafla, mdomo uliokwenda upande, mkono au mguu uliolegea, maneno yanayotoka yamevurugika. Huyo apelekwe Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa Idi.

Kwa mengine anzeni zahanati ya kijijini, kisha Kilindoni, na ulizieni dirisha la wazee. Pimeni presha na sukari siku hiyohiyo. Mkipewa rufaa ya Dar es Salaam, iwe hospitali ya Muhimbili kwa masikio au ya CCBRT kwa macho, mbebe mambo matatu: daftari, mfuko wenye dawa zote pamoja na zile za mitishamba, na mtu mmoja anayesikia vizuri wa kuingia naye kwa daktari. Akirudi na kifaa cha sikio, kumbukeni hewa ya hapa ina chumvi na unyevu. Kikaushwe kwa kitambaa kila usiku, mlango wa betri uachwe wazi, kilale ndani ya kikopo chenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kivuliwe kabla ya udhu.